Diploma Mkononi: GPA ya 3.0, AVN na Kazi ya Fundi Sanifu

Ukimaliza diploma, yaani ngazi ya 6 ya NTA (mfumo wa tuzo za ufundi Tanzania), usianze na daraja lililoandikwa kwenye cheti. Anza na GPA, yaani wastani wa pointi zako. Daraja la pili la chini ni kuanzia 2.7 hadi 3.4, lakini kima cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa mwenye diploma anayeomba shahada ni 3.0. Mwenye 2.8 na mwenye 3.3 hupigiwa vigelegele vilevile siku ya mahafali. Dirisha la udahili likifunguliwa, mmoja anabaki nje.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za somo, yaani uzito wake, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Tuseme krediti zote ni 120 na somo moja lina 12. C inakupa 24, B+ inakupa 48. Tofauti hiyo ya 24 ukiigawa kwa 120 unapata 0.2, yaani umbali wote wa kutoka 2.8 hadi 3.0. Kuhangaikia A ya somo dogo huku somo la krediti 12 likiachiwa C ni kujipunja.

Matokeo ya kidato cha nne nayo bado yanakufuata. TCU hutaka ufaulu wa D nne au zaidi, na kozi zina masharti yake juu ya hapo. Tabibu mwenye diploma anayetaka udaktari, kwa mfano, huulizwa hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na Kiingereza vya kidato cha nne. Soma mwongozo wa wenye sifa linganishi, kama diploma, si ule wa kidato cha sita.

GPA ikiwa chini ya 3.0 lakini haijashuka chini ya 2.0, ipo kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Huko pia utatakiwa kutoka na 3.0, kwa hiyo si njia ya mkato.

Kinachokwamisha wengi ni AVN, namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Bila hiyo, maombi ya chuo kikuu kwa sifa ya diploma hayaendi. Mara nyingi inachelewa kwa sababu chuo hakijapeleka matokeo, au jina la chuoni halilingani na la cheti cha kidato cha nne: Mohamed huku, Mohammed kule. Rekebisha ukiwa bado mwanafunzi, maana ukishahitimu kila sahihi ni nauli.

Upande wa kazi, serikalini tafuta tangazo la Fundi Sanifu Daraja la II kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini. Fundi umeme anayetaka kujitegemea akate leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na asome vizuri daraja la leseni hiyo linaruhusu kazi gani kabla ya kusaini mkataba na mteja.

Kwenye Ajira Portal, pakia vyeti halisi. Matokeo ya muda na hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Barua ya maombi ichapwe, isainiwe kwa kalamu, ndipo iskaniwe. Iliyopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta huwa haina sahihi.