Kiyoyozi cha chumba 214: nilivyoupata mkataba wa matengenezo kinga

Kwa mujibu wa karatasi, kiyoyozi cha chumba namba 214 kilifanyiwa sevisi mara tatu mwaka ule: Septemba, Desemba na Machi. Chujio lilisafishwa, gesi ikapimwa, nyaya zikakazwa. Kila karatasi ina saini ya fundi kushoto na saini yangu kulia. Chumba 214 hakina kiyoyozi. Kiling'olewa kabla sijahamia Mwanza, na tundu lake limezibwa kwa ubao uliopakwa rangi ileile ya ukuta.

Aliyenitia aibu ni mkaguzi wa ndani. Alichomoa karatasi moja kwenye faili, akasema, "Injinia, twende ukanioneshe kazi hii." Tukapanda mpaka ghorofa ya pili. Nikabaki naukodolea macho ule ubao.

Mkandarasi sitamsema sana, kwa sababu kosa kubwa lilikuwa kwenye mkataba wetu. Ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na moyo wake ni sentensi moja: mtoa huduma atafanya matengenezo kinga ya mifumo yote ya jengo kila baada ya miezi 3. Mifumo ipi? Kufanya nini? Hakuna aliyejua. Tulinunua ziara, tukaletewa ziara. Vijana walifika na sare, wakanywa chai kwa mama lishe wa getini, wakazunguka, wakaleta karatasi nisaini. Mimi nilikuwa na barua thelathini mezani. Nikasaini.

Jengo lenyewe ni la ghorofa tano, upande wa ziwani. Lina lifti moja, jenereta la kVA 200, pampu mbili za kupandisha maji kwenye matanki ya juu, pampu ya zimamoto, na viyoyozi ambavyo hesabu yake ilitegemea umemuuliza nani. Bohari walisema 64. Mhasibu alikuwa na 61. Mkataba ulisema "vyote".

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote la mkataba mpya, niliamua kuhesabu. Nilimchukua fundi mchundo wetu, mzee aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyekuwepo tangu jengo linafunguliwa. Mbele za watu aliniita Injinia. Tukishuka chumba cha pampu nilikuwa "mwanangu". Kazi niliyoipangia siku mbili ilitula wiki mbili. Kila mashine tuliipa namba kwa rangi nyekundu, tukaandika aina, uwezo, mahali ilipo na hali yake. Viyoyozi vilikuwa 57. Tisa kati yake vilikuwa vimekufa kabisa, lakini kwenye karatasi za sevisi vilikuwa na afya njema.

Cha kutisha tulikikuta chini. Swichi ya pampu ya zimamoto ilikuwa imegeuzwa kwenye "zima". Tukaulizana, mwisho mlinzi wa usiku akasema bila wasiwasi wowote kwamba ile mashine ilikuwa inawaka yenyewe saa nane za usiku na kumshtua, basi akaizima. Lini? Akafikiri. "Kabla ya Ramadhani." Pampu ilikuwa inajiwasha kwa sababu bomba lilikuwa na mvujo mdogo na presha ilishuka polepole kila usiku. Ilikuwa inatuambia kitu. Na karatasi ya sevisi ya mwezi ule? "Pampu ya moto: nzuri."

Neno hilo "nzuri" ndilo nililokuja kulipiga marufuku.

Jenereta nalo lilikuwa na siri yake. Kila Jumatatu liliwashwa dakika kumi bila mzigo, likanguruma, likazimwa, watu wakaridhika. Mzee akapitisha kidole kwenye maungio ya egzosi, kikatoka cheusi chenye mafuta. Injini ya dizeli ikizoea kuzunguka bure haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, yanabaki kama lami kwenye egzosi na kwenye mitungi. Siku umeme wa TANESCO ukikatika kwa saa sita, hapo ndipo utajua ulikuwa unatunza nini. Kwenye hadidu mpya niliandika: mara moja kwa mwezi libebe jengo lenyewe kwa dakika 30, mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake, na oili ibadilishwe kila saa 250 za kazi au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Kwa jenereta la akiba mwaka ndio hutangulia, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba oili bado mpya kwa kuwa mashine haijatumika.

Halafu kuna paa. Wanaokaa mbali na ziwa hawatanielewa hapa. Kuna majira wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi, na wavuvi watakwambia wanatoka zaidi mwezi unapoandama. Upepo ukiwasukuma mjini wanafuata taa, asubuhi unawafagia kwa koleo. Sehemu za nje za viyoyozi zilizo upande wa ziwa huwavuta ndani ya mapezi ya aluminiamu, wanakauka, vumbi la kiangazi linawashika, inakuwa kama mkeka. Mashine inashindwa kutoa joto, kompresa inafanya kazi mara mbili, inakufa. Ukisafisha kila miezi mitatu kwa kufuata kalenda, mashine za upande wa mlimani unazisumbua bure na za upande wa ziwa unazichelewesha. Basi tukaligawa jengo pande mbili: upande wa ziwa kila mwezi, upande wa mlima kila miezi mitatu. Gharama haikuongezeka sana. Kilichoongezeka ni maswali ya afisa ununuzi, aliyetaka kujua kwa nini mashine za aina moja zina ratiba mbili. Nilimpeleka juu akaone ule mkeka. Hakuuliza tena.

Sasa, kuhusu "nzuri". Kwenye mkataba mpya fundi haruhusiwi kuweka alama ya vema wala neno la sifa. Anaandika namba: volti za betri ya jenereta wakati wa kuwasha, ampea za kila pampu, presha ya bomba la zimamoto alipofika na alipoondoka, jotoridi la hewa inayoingia na inayotoka kwenye kiyoyozi. Namba moja peke yake haisemi mengi, lakini ukiiweka pembeni ya ile ya mwezi uliopita utaona mashine inakwenda wapi. Na namba ya uongo ni ngumu kuitunga miezi kumi na miwili mfululizo bila kujikwaa. Pamoja nayo, picha inayoonesha namba nyekundu ya mashine. Malipo yanafuata mashine zilizofanyiwa kazi; ziara yenyewe haina bei. Mashine isiyo na vipimo haimo kwenye ankara.

Gesi niliipa kifungu chake. Zamani kila kiyoyozi kilichodhoofika kilijazwa gesi, tukalipa, baada ya miezi miwili kikajazwa tena. Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama petroli, ikipungua, imevuja. Mkataba unasema hakuna kujaza kabla ya kuonesha mvujo uko wapi na kuuziba. Viyoyozi vyetu vya zamani vilikuwa bado vinatumia R-22, gesi ambayo chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe karibu zimeiacha kabisa ifikapo 2030, kwa hiyo kila kilo inayopotea angani ni hasara mbili. Vile tisa vilivyokufa tulivifuta kwenye orodha badala ya kuendelea kuviuguza.

Lifti ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wataalamu wake wengi wanatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, na ikikwama na watu ndani hutasubiri ndege ya kesho. Tukaweka sharti la kuwa na fundi aliyefunzwa anayeishi Mwanza, anayefika ndani ya saa moja mtu akikwama, na walinzi wetu wanne wafundishwe namna ya kutuliza watu na kuita msaada bila kuchokonoa milango kwa nondo, maana hilo nalo nimeliona kwa macho yangu. Lakini shida ya ndani zaidi ilikuwa neno la siri. Mkandarasi aliyetangulia aliifunga programu ya lifti, na alipoondoka aliondoka na ufunguo. Kila hitilafu ndogo ilibidi aitwe yeye, kwa bei yake. Kuifungua upya kulitugharimu karibu nusu ya mkataba wa mwaka. Sasa tuna sentensi mbili: nywila zote na michoro yote ni mali ya taasisi, na vinakabidhiwa kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza. Ningezijua sentensi hizo mapema, ningekuwa na mvi chache.

Ununuzi wenyewe ulipita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, kama kawaida. Tulitangaza zabuni moja yenye loti tatu: lifti, jenereta na pampu, viyoyozi. Hofu ilikuwa tutaonekana tumegawa ununuzi ili kukwepa viwango vya thamani vya zabuni, jambo ambalo sheria inakataza. Mwanasheria wetu akatutuliza kwamba loti zikiwa ndani ya zabuni moja, inayohesabiwa thamani yake yote, hilo si kugawa. Kwenye viyoyozi mzabuni mmoja alitupa bei ya chini mno. Kamati ilipogawanya bei yake kwa idadi ya mashine na ziara, kila kiyoyozi kilipata kama dakika nne, kupanda ngazi ikiwa ndani yake. Tukamwandikia aeleze. Maelezo hayakutosha.

Vipuri tuliviwekea bei mapema, beringi, mikanda, betri, kapasita, ili tusianze kupatana bei wakati maji yamekatika na watu wamebeba ndoo chooni.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kununiana. Ankara ya kwanza niliirudisha kwa kukosa vipimo vya mashine 11. Meneja wao akanipigia: "Mheshimiwa, tumefanya, vijana wamesahau kuandika tu." Nikamwambia warudi waandike. Walirudi, na kwenye mashine tatu kati ya hizo walikuta kazi haijafanywa. Tangu hapo tunaelewana vizuri kabisa.

Mzee alistaafu kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Aliniachia bisibisi yake ndefu ya mpini wa mbao, akaniaga kwa asante ya Kisukuma: "Wabheja, mwanangu, hii ndiyo sikio langu."

Niliitumia juzi. Fundi aliomba beringi ya pampu namba 2 ibadilishwe ilhali pampu inasukuma maji bila tatizo. Mhasibu akaishika ile hati kama mtu aliyeshika noti yenye mashaka. "Haijaharibika. Sasa tunalipia nini?" Nikamwomba tushuke wote. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi, nikamwambia aweke sikio kwenye mpini. Akainama na tai yake, akasikiliza, akahamia pampu namba 1, akarudi tena namba 2.

"Inasaga mahindi," akasema.

"Ndiyo hiyo."

Akajipangusa sikio kwa leso. "Lakini mimi siwezi kuandika 'inasaga mahindi' kwenye hati ya malipo. Namba yake iko wapi?"

Nikamfungulia daftari: ampea 7.6 mwezi wa nne, 7.7 wa tano, 8.4 wa sita; joto la kasha kutoka nyuzi 52 hadi 71. Akatoa kalamu mfukoni, akaegemeza hati kwenye bomba, akasaini hukohuko chini.