Theluthi ya Kifungo na Siku za Mahabusu

Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa mfungwa wa Tanzania aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya mwezi 1 nafasi ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo hicho kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema, isipokuwa aliyefungwa maisha, ambaye hana kitu cha kugawa kwa tatu. Aliyefungwa miaka 3 hutarajia kutumikia 2. Wengi wetu tulioko uraiani hudhani punguzo hilo hutolewa mwishoni, kama zawadi. Mjomba wangu, aliyetumikia kifungo katika gereza moja la hapa Dar es Salaam kwa kosa la kuiba mali ya mwajiri, ndiye aliyenifafanulia kwamba mfungwa huandikiwa theluthi yake yote tangu anapopokelewa, na kuanzia hapo shughuli yake kubwa ni kuilinda. Akikutwa na simu, akipigana au akikaidi amri, anaweza kukatwa sehemu ya siku hizo, na tarehe yake ya kutoka ikasogea mbele.

Kuilinda si jambo jepesi katika mazingira yale. Selo aliyolala mjomba ilijaa kiasi kwamba watu walilala kwa ubavu, kifua cha mmoja kikigusa mgongo wa mwenzake, na nyapara alipotoa amri usiku wa manane, mstari mzima uligeuka kwa pamoja, kwa kuwa mtu mmoja peke yake hakuwa na nafasi ya kujigeuza. Mgeni alipangiwa mahali karibu na ndoo ya haja, akasubiri wa mbele yake waachiwe ndipo asogee. Nilipomuuliza iwapo hawakuwa wakigombana, alinijibu, "Mpwa wangu, mwenye tarehe hagombani. Utakanyagwa, utaibiwa sabuni, na utanyamaza." Nadhani maneno hayo yanaeleza utulivu wa magereza yetu vizuri zaidi kuliko hotuba nyingi za urekebishaji nilizowahi kuzisikia.

Linalonisumbua ni muda uliotangulia hukumu. Kabla ya kufungwa, mjomba alikaa mahabusu kwa zaidi ya miaka miwili, akipandishwa karandinga kwenda mahakamani, akiambiwa kwamba upelelezi haujakamilika, na kurudishwa hadi tarehe nyingine. Alikula dona na maharage yale yale, akalala katika msongamano ule ule, na angevunja kanuni angeadhibiwa kama wengine. Hata hivyo, theluthi hukokotolewa kwa kifungo, na yeye hakuwa bado mfungwa. Hakimu, ni kweli, huzingatia muda huo anapopanga adhabu, lakini kuzingatia huko hutegemea busara yake, hakuna hesabu iliyowekwa. Kwa maneno mengine, mwenendo mbaya wa mahabusu humdhuru, ilhali mwenendo wake mwema haumfaidii kitu. Wanaoshikiliwa katika magereza ya Keko na Segerea wakisubiri kesi zao wako katika hali hiyo hiyo.

Wenzetu wa California wamelifanya jambo hili kwa namna nyingine. Jela zao za kaunti huwashikilia pamoja wanaosubiri kesi na waliohukumiwa vifungo vifupi, na kwa kifungu cha 4019 cha sheria yao ya adhabu, kama kilivyotumika tangu Oktoba 2011, kila siku 2 ambazo mtu mwenye mwenendo mwema amekaa ndani huhesabiwa kuwa 4, zikiwemo zile alizokaa kabla ya hukumu. Sisemi kwamba huko ni peponi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imethibitisha amri ya kupunguza msongamano katika magereza ya jimbo hilo hadi asilimia 137.5 ya uwezo wake, na wafungwa wengi wa makosa madogo wakaelekezwa kwenye jela za kaunti, ambazo nazo zikafurika. Lakini hesabu ya siku ni ya wazi, na mtu anaweza kuifanya mwenyewe akiwa selo.

Kwetu watu hutegemea zaidi msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Tarehe 9 Desemba 2019, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, na mitaani tulishangilia, kwa haki. Msamaha huo, hata hivyo, ni wa waliokwisha kuhukumiwa. Mahabusu hubaki akisubiri tarehe ya kesi yake.

Nimewahi kuambiwa kwamba mahabusu hawezi kupewa punguzo kwa sababu hana hatia hadi ithibitishwe. Hoja hiyo inafaa kwa anayeachiwa huru, ambaye kwake lililo muhimu ni fidia, si punguzo. Kwa anayekutwa na hatia, siku alizokaa ndani zimeandikwa katika daftari la gereza tangu alipopokelewa, na makosa yake ya nidhamu, kama yapo, yameandikwa pia. Karani wa gereza anayekokotoa theluthi ya kifungo anaweza kuanzia tarehe ile ya kwanza, iwapo Bunge litamruhusu.