Picha zinafunguka ninapotaka mimi, na Windows sijapiga

Mtu akikuambia upige Windows upya, yaani uifute na kuiweka tena, kwa sababu tu picha zinafunguka kwenye programu usiyoitaka, mkatalie. Ushauri huo nimepewa na mafundi hapa Mbeya kuanzia Mwanjelwa hadi Kabwe, kila mmoja na bei yake: wa chini kama elfu kumi na tano, wa juu karibu elfu thelathini. Mmoja alinikazia macho akasema ni virusi. Hakuna virusi hapo! Halafu hakuna aliyenitajia kuhamisha kwanza picha za wateja zilizokaa kwenye diski C, ambazo zingefutika wakati wa kupiga hiyo Windows yao.

Nina stesheneri Mwanjelwa: fotokopi, kuprinti, kuskani, picha za pasipoti, kujazia watu fomu mtandaoni. Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, Windows 10, ramu 4 GB. Fundi alikuja kuniwekea Photoshop ya kubadilishia rangi ya nyuma iwe bluu, akalipwa, akaenda zake. Tangu hapo kila picha yenye mkia wa .jpg (herufi za mwisho za jina la faili) nikiidabo-kliki, inayoamka ni Photoshop. Kwa mashine kama yangu unaweza kumtolea mtu fotokopi, ukamrudishia chenji, ukakuta bado inajivuta. Na ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, waombaji wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wamejaa kibarazani na majaketi yao, kila mmoja anataka kuangalia ipi kati ya picha zake imetoka vizuri.

Kijana wa jirani anayeuza makava ya simu akaja na dawa yake. Aligundua kwamba picha zenye mkia wa .png zinafunguka vizuri, kwa haraka. Akasema, "Dada, si tubadilishe majina tu?" Akashika picha moja, akafuta .jpg mwishoni, akaandika .png. Windows ikamuonya kuwa faili linaweza kuharibika, akabonyeza Yes. Akadabo-kliki: ikafunguka palepale! Akapiga makofi, akaendelea na folda nzima huku akiimba. Ilifanya kazi kweli, na sababu yake ni nzuri kuijua. Programu ya picha husoma yaliyomo ndani ya faili, na ndani bado ni JPEG ileile. Windows ndiyo inayotazama mkia wa jina, na inautazama ili ijue iamshe programu gani. Ila kamera itaendelea kuandika .jpg, na picha za WhatsApp zitakuja na .jpg au .jpeg. Huwezi kukaa dukani unabatiza picha upya kutwa nzima.

Hata hivyo ndipo nilipopata ufunguo: kila mkia una mpangilio wake. Ukirekebisha .jpg, .jpeg haijaguswa. Mafundi wote wale hawakulisema hili.

Mwanafunzi mmoja wa chuo, mteja wangu, naye akaleta kifaili cha .reg kwenye flashi, eti ukikibofya kinaseti kila kitu chenyewe. Tukakibofya. Baada ya muda kidogo Windows ikaleta ujumbe pembeni kwamba programu chaguo-msingi imerudishwa, na kweli, .jpg imerudi ilikotaka yenyewe. Tangu Windows 8, chaguo lako linahifadhiwa pamoja na alama ya siri ya uhakiki. Kitu kingine kikiandika pale kwa mlango wa nyuma, alama hailingani, na Windows inakitupa. Lazima uchague mwenyewe kwa mkono.

Kwa mkono ni hivi: raiti kliki kwenye picha, "Open with", kisha "Choose another app", chagua programu, halafu weka tiki kwenye "Always use this app to open .jpg files". Tiki hiyo ndiyo watu wanaiacha, kisha wanalalamika kuwa imegoma. Rudia kwa .jpeg, .png, .bmp, na usiisahau .jfif, maana baadhi ya picha unazosevu kutoka kwenye tovuti zinakuja na mkia huo.

Lakini nilitaka zaidi ya hapo. Programu ya Photos ya Windows 10 nayo kwenye mashine yangu ni nzito. Nilikuwa naitamani ile ya zamani ya Windows 7, Windows Photo Viewer, na kumbe imo humohumo! Nenda Program Files, folda yake utaikuta. Kwenye Windows 10 iliyowekwa upya wameiachia .tif na .tiff tu, ndiyo maana haionekani kwenye orodha. Nikafungua regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, nikahifadhi nakala kwanza kwa "Export", nikashuka hadi hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Photo Viewer\Capabilities\FileAssociations

Pale nikaongeza "String Value" mpya, jina lake .jpg, na thamani yake PhotoViewer.FileAssoc.Tiff. Usishtuke kuona Tiff. Tunaazima mlango wa .tif kwa ajili ya .jpg. Nikafanya vivyo hivyo kwa .jpeg, .png, .bmp na .jfif. Kisha Settings, Apps, Default apps, "Choose default apps by file type". Nikashuka hadi .jpg, nikabofya, na Windows Photo Viewer ikawa imekaa kwenye orodha. Nilifurahi mno!

Sasa namkalisha mteja pembeni yangu. Mzee mmoja wa Tukuyu alikuja kupiga picha ya kitambulisho; nikafungua ya kwanza, nikazungusha gurudumu la kipanya mpaka uso ukajaa kioo. Akasogea, akasema, "Hapo macho yamefumba, mwanangu. Lete nyingine." Mshale wa kulia, ikaja nyingine bila kusubiri. "Hiyo hiyo. Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Photoshop sijaifuta, wala siruhusu mtu aifute. Nikiihitaji, naivutia picha ndani yake.

Zinazobaki kunisumbua ni za wenye iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo zinaweza kuhifadhi picha kama .heic, na Photo Viewer ya zamani haiijui yenyewe. Hizo nimeziachia Photos pamoja na nyongeza za HEIF na HEVC kutoka Microsoft Store, zinazoiwezesha kusoma .heic. Mwenye simu namwambia aingie Settings, Camera, Formats, achague "Most Compatible", ili atakazopiga baadaye ziwe JPEG. Alizokwisha kupiga hazibadiliki, kwa hiyo kama ni ya pasipoti nampiga upya mwenyewe.