Jina linalotokea kwenye simu ya mume: tulivyobadili jina la shirika letu Mbeya

Jina letu la zamani lilianza na "Kituo cha Waathirika" na kuishia na "Ukatili wa Kijinsia". Lilitungwa mezani na watu wenye nia njema, na lilipendeza kwenye maandiko ya kuombea fedha. Jina jipya sitalitaja hapa. Ukifika katikati utaona sababu. Kazi ilituchukua miezi kumi na moja, kuanzia kikao cha kwanza hadi bango jipya. Maelekezo mengi niliyokutana nayo yanaishia kwenye fomu za Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na fomu ndiyo sehemu nyepesi.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa mtu wa ofisini, mwathirika ni yeyote aliyepatwa na madhara. Mtaani kwetu neno hilo lina mwenyewe: mwathirika ni mwenye virusi vya UKIMWI. Wizara ya Afya ilishaliacha, siku hizi vituo vya tiba vinasema WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, lakini sokoni Mwanjelwa hakuna aliyeambiwa. Na huku Nyanda za Juu Kusini si jambo la pembeni: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliweka Njombe kwenye asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa mitatu ya juu nchini. Mwanamke akionekana anaingia geti lenye neno "Waathirika", majirani hawamfikirii kipigo, wanafikiria dawa. Akirudi nyumbani anaulizwa amekwenda kupima na nani.

Hilo la bango tulilijua muda mrefu tukalivumilia. Kilichotusukuma ni simu. Ujumbe mfupi unaotumwa na taasisi badala ya namba huonyesha jina la mtumaji, na jina hilo lina nafasi ya herufi 11 tu. Jina letu refu halikuenea, basi aliyesajili huduma akachukua neno lililoenea: WAATHIRIKA, herufi kumi kamili. Kwa hiyo kila tulipomkumbusha mtu tarehe ya ushauri, simu yake ililia na juu ya kioo pakaandikwa hivyo. Nauli nayo tulikuwa tunaituma kutoka kwenye akaunti ya shirika, na ujumbe wa kupokea fedha unataja jina la aliyetuma. Mama mmoja kutoka upande wa Rungwe alimweleza mshauri wetu kwa sentensi moja: "Dada, nauli mkinitumia, simu anaishika yeye."

Baada ya hapo kipimo cha jina kilibadilika. Tuliacha kuuliza kama jina linaeleza kazi yetu, tukauliza: likisomwa na mume anayempiga mkewe, kabla mke mwenyewe hajaliona, nini kitafuata? Majina mengi mazuri yalianguka hapo.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuweka "Wahanga" badala ya "Waathirika". Halikufika mbali, kwa kuwa mhanga kwa masikio ya Mswahili hubeba kujitoa mhanga, na hakuna aliyejitoa hapa. Likaja "Manusura". Hili wafanyakazi walilipenda, nasi tunalitumia kwenye ripoti hadi leo, linamheshimu mtu. Ila kwenye magazeti manusura ni wa ajali: basi limepinduka Kitonga, manusura wamepelekwa hospitali. Na mwanamke mmoja alilikataa kwa hoja ambayo hatukuwa na jibu lake: "Mimi bado sijanusurika, nalala palepale." Wengi wanaotufikia wako hivyo. Wanataka mtu wa kuzungumza naye, karatasi ya PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ijazwe vizuri, mtoto abaki shuleni. Kumwita manusura siku ya kwanza ni kumwandikia mwisho wa habari ambayo iko katikati.

Kuwashirikisha wenyewe kulihitaji akili. Hatukuita mkutano, maana kuwakusanya watu wa aina hii chumba kimoja ni kuwatambulisha wao kwa wao, na Mbeya si kubwa kiasi hicho. Washauri wawili waliuliza mmoja mmoja mwishoni mwa mazungumzo ya kawaida, na kwa anayekubali tu. Maneno yalisomwa kwa sauti, maana si wote wanasoma, na kwa kila neno swali lilikuwa lilelile: "Ukilisikia hili kwa jirani, unadhani ni mahali pa nini?" Tulipokea jibu bila kuuliza kama amelipenda. Ukiuliza anapenda lipi, atakupa analodhani unalitaka. Ndiyo adabu ya kwetu. Mkurugenzi hakukaa kwenye mazungumzo hata moja, kwa sababu hiyohiyo.

Orodha yenyewe ilikuwa na mitego yake. Tumaini, Faraja, Upendo na Nuru ni maneno mema, lakini kila wilaya ina shule, zahanati au kwaya yenye jina hilo, na jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa hurudishwa. Tafuta kwanza kwenye mfumo wa taarifa za mashirika wa Msajili, kisha kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kisha uangalie kama anwani ya intaneti yenye or.tz iko wazi. Fanya yote siku moja kabla watu hawajalizoea jina, la sivyo utavunja mioyo.

Wengine walitaka neno la Kinyakyusa: Lusubilo, yaani tumaini, au Lugano, yaani upendo. Yana sauti nzuri. Tatizo la kwanza, tunahudumia pia Wasafwa, Wandali, Wakinga, na ofisi ndogo iko Iringa kwa Wahehe. Jina la kabila moja linawaambia wengine kwamba nyumba ina mwenyewe. La pili hatukuliwaza hadi mshauri alipolisema. Lugano ni jina la watu, wanaume wamo. Mume akikuta kwenye simu ya mkewe "Umepokea fedha kutoka kwa Lugano", hatauliza kuhusu shirika. Tulikuwa tunatafuta jina la kumkinga, tukakaribia kumtafutia kipigo kingine.

Upande wa pili usijifiche kupita kiasi. Jina linalosikika kama kikoba litaleta watu wanaotaka mkopo, na huduma ndogo za fedha zina sheria yake ya 2018, utajikuta unajieleza mahali usipotaka. Tuliishia kwenye neno moja la Kiswahili la kila siku, herufi saba, ambalo lingeweza kuwa la kikundi cha ushonaji au duka la mbegu. Kazi yetu yote, ukatili, msaada wa kisheria, makazi ya muda, tuliiandika kinaganaga kwenye kifungu cha madhumuni cha katiba. Anayetaka kujua tunafanya nini, awe mfadhili au ofisi ya serikali, anasoma katiba. Mume hasomi katiba.

Sasa sheria. Shirika letu limesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, kwa hiyo kubadili jina ni kurekebisha katiba. Soma kwanza katiba yako inataka kura ngapi. Yetu inasema theluthi mbili ya wanachama wote. Sisi tukahesabu theluthi mbili ya waliohudhuria, kikao kikawa batili, tukaita kingine. Kabla ya kuomba, hakikisha ada za kila mwaka na ripoti za mwaka ziko sawa, maana deni la zamani huamka siku unapohitaji kitu. Sisi tuliambatisha barua ya maombi, muhtasari wenye azimio na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, katiba iliyorekebishwa, na cheti cha zamani. Tulimwona pia Afisa Maendeleo ya Jamii wa mkoa, ambaye ni msajili msaidizi, akayapitia makaratasi kabla hayajaenda. Hata hivyo yalirudi. Katibu aliandika "Wathirika", a moja. Cheti kilikuwa na mbili. Kwenye azimio nakili jina la zamani herufi kwa herufi kutoka kwenye cheti, usiliandike kwa kumbukumbu.

Kama mnatoa msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huo ni usajili mwingine, na una cheti chake cha kubadilisha.

Cheti kipya kikitoka, mpangilio wa hatua ndio unaookoa fedha. Sisi tulianza na benki: cheti, azimio la bodi, barua ya watia saini. Kisha TRA, ambako namba ya mlipakodi inabaki ileile na jina ndilo linalosahihishwa. Kisha NSSF, kisha kampuni ya simu kwa akaunti ya malipo na jina la mtumaji wa ujumbe. Wafadhili tuliwaandikia mapema, lakini mmoja alituma awamu yake kwa jina jipya wiki mbili kabla benki haijamaliza, fedha zikarudi zilikotoka, na mishahara ya mwezi ule ikachelewa. Waandikie wafadhili tarehe kamili ya kuanza kutumia jina jipya, na tarehe hiyo iwe baada ya benki, si baada ya cheti. Ukiweza, pisha mwaka wa hesabu ufungwe Desemba 31 ndipo ubadili; mkaguzi wako atakushukuru.

Muhuri wa zamani tulipiga chapa moja ya mwisho kwenye daftari, tukaukata mbele ya mashahidi wawili, tukaandika. Vitabu vya stakabadhi vilivyobaki vilichorwa msalaba kila ukurasa na kuhifadhiwa. Usivichome, mkaguzi atavitafuta.

Wadau wa rufaa tuliwafuata kwa miguu: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote mahali pamoja, Ustawi wa Jamii, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kata. Barua peke yake haitoshi, maana askari wa zamu na muuguzi wa usiku hawaioni. Inakaa kwenye faili la mkubwa. Tuliwaachia karatasi ndogo ya kubandika ndani ya droo, si ukutani, yenye namba za simu tu.

Kesi zilizokuwa mahakamani zilihitaji uangalifu zaidi. Mfanyakazi wetu aliyetoa maelezo chini ya jina la zamani angepanda kizimbani akiwa wa shirika lenye jina jingine, na wakili wa upande wa pili hangeacha hilo lipite. Kwa kila kesi iliyo wazi tulimpa mwendesha mashtaka barua ya kuthibitisha kwamba ni shirika lilelile, pamoja na nakala za vyeti vyote viwili zilizothibitishwa na wakili. Nyaraka za zamani hazikuguswa hata herufi. Kishawishi cha "kuzisawazisha" kipo. Ukizigusa umeharibu ushahidi.

Bango lilikuwa la futi 4 kwa 8, kando ya barabara kuu. Jipya ni dogo, liko ukutani ndani ya geti, bila kazi wala picha ya mwanamke ameinama. Kuliondoa la zamani ilikuwa kazi ya nusu siku, lakini jina halikuondoka nalo. Kwa madereva wa bajaji lilishakuwa kituo: "Nani anashuka Waathirika?" Hebu fikiria umekaa humo, umejifunga khanga hadi machoni, na dereva anakuuliza kwa sauti. Tulikwenda kijiweni kwao asubuhi, kabla ya abiria, tukaomba kituo kiitwe Mkaratusini, kwa mti mkubwa uliopo kona ile. Mzee wa kijiwe alikubali kwa sharti kwamba tusifunge geti wanapotaka maji ya kuoshea bajaji. Ilichukua kama miezi mitatu jina kushika.

Mtaalamu wa mawasiliano alishauri tuwatumie wahudumiwa wote ujumbe wa kuwatangazia jina jipya. Usifanye hivyo kabisa. Ujumbe mmoja unaounganisha jina la zamani na jipya unaua kazi yote, tena kwa mamia ya simu kwa dakika moja. Aliyekuja aliambiwa ana kwa ana; asiyekuja hakutafutwa. Ukurasa wa Facebook tuliufunga tukafungua mwingine, kwa sababu ukibadili jina la ukurasa, historia ya majina yake inabaki wazi kwa kila mtu.

Kadi zetu za zamani bado ziko huko nje. Nyingine zimefichwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, kijaluba ambacho baba hafungui. Namba iliyoandikwa pale tuliihamishia kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichopo droo ya mapokezi. Anayepokea anasema "haloo" tu, bila jina lolote, anasubiri wa upande wa pili aanze. Ratiba ya kukichaji imebandikwa ukutani: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.