Sauti aliyoiga mwanangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimeandaa Zaburi ya 121, maana wiki hii mlima wetu wa Kilimanjaro umefunguka vizuri, na kila asubuhi nikitoka uani hapa Pasua, Moshi, nauona wote mpaka kileleni. Lakini Bwana amenishika mahali pengine.

Jumatatu jioni nilimwachia mwanangu Elibariki, ana miaka tisa, ayaangalie maziwa jikoni, nami nikaenda kuanua nguo. Akavutwa na katuni sebuleni. Niliporudi, lita mbili nzima zimemwagikia jiko na nyumba yote inanuka kuungua. Nilikuwa nimechoka. Nikasonya, nikamwambia, "Wewe mtoto ni hasara tupu." Akachukua kitambaa, akafuta kimya kimya. Nikajua yameisha.

Jumatano namenya ndizi za mtori, nikamsikia nyuma ya nyumba na mdogo wake. Elibariki ana kipaji cha kuiga sauti: anamwiga mchungaji, konda wa daladala, bata wa kwenye katuni. Siku hiyo aliniiga mimi. Mdogo wake alikuwa ameangusha kikombe, naye akamwambia, "Wewe mtoto ni hasara tupu." Alinipatia mpaka msonyo. Nilibaki na kisu mkononi, siwezi kuendelea.

Kwa ajili ya mtoto huyu na katuni zake nimejua habari za Mel Blanc, mchekeshaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1908. Alianzia redioni, na mwaka 1937 akaingia kwenye katuni, ambako baadaye alikuwa sauti ya sungura Bugs Bunny, bata Daffy Duck, kindege Tweety na paka anayemwinda, wote mtu mmoja. Walimwita mtu wa sauti elfu moja. Lakini lililonigusa mimi ni la shuleni. Jina la ukoo wao liliandikwa Blank, na maana yake kwa Kiingereza ni tupu. Mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu wake alimwambia darasani kuwa atakuwa kama jina lake: tupu. Kijana akabadilisha herufi ya mwisho, akajiandika Blanc. Na neno lile hakulisahau. Kwenye kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1988 akiwa mzee wa miaka 80, bado limo.

Tupu. Neno lile lile nililomwambia mwanangu.

Wapendwa, niseme nanyi kama ninavyosema na nafsi yangu. Mithali 18:21 tunaijua kwa moyo, tunawakaririsha hata watoto wa Sunday school: mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Halafu tunarudi nyumbani tunawaita kichwa maji, punda, utaishia kubeba zege. Tunasema ni hasira tu, mtoto atasahau. Nani kati yetu amesahau? Mimi nina miaka 41 na naweza kukuonyesha dawati nililokuwa nimekaa siku mwalimu aliponiambia sitafika popote. Yakobo anasema katika kinywa kile kile hutoka baraka na laana, na kwamba haifai mambo hayo kuwa hivyo. Jumapili niliimba kwaya kwa kinywa hiki. Jumatatu nikamwita mwanangu hasara kwa kinywa hiki hiki. Mama uliyebatiza mtoto ukamchagulia jina zuri mbele ya madhabahu, kwa nini tangu siku ile unamwita kwa jina lingine? Baba, mara ya mwisho kumwita mwanao jina lake bila hasira ni lini?

Tarehe 24 Januari 1961 Blanc alipata ajali mbaya ya gari huko Los Angeles. Akalala hospitalini wiki mbili hivi bila fahamu. Mkewe na mwanawe walikuwa wakimsemesha, hajibu. Ndipo daktari mmoja akajaribu kumwita kwa jina la yule sungura: Bugs Bunny, hujambo leo? Akajibu, kwa sauti ya sungura. Baadaye alirekodi kazi zake akiwa kitandani, mwili umefungwa plasta, kipaza sauti kimening'inizwa juu yake.

Sisemi huo ni muujiza kama wa Lazaro. Nasema kuna jina ambalo mtu akiitwa, hata aliko mbali, anasikia. Bwana anasema katika Isaya 43, "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Na Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina yao. Hawaiti kwa makosa yao.

Alhamisi usiku nilikaa kitandani kwa mwanangu nikamwita jina lake lote, Elibariki, alilopewa na bibi yake. Akaitika, "Naam mama." Nikamwambia, "Lile neno la Jumatatu si kweli. Nilikosa. Nisamehe." Akanyamaza kidogo, akauliza kama yale maziwa bado namdai. Nikamwambia simdai. Tukaomba pamoja.

Imebaki kwa mdogo wake. Ana miaka minne, na leo asubuhi nimemsikia mlangoni akimsonya paka na kumwambia, "Hasara tupu." Nimemchukua nikampakata. Mniombee, nami nawaombea.