Nyuso za Fayum: kutoka Cairo hadi Hawara

Tuliingia Jumba la Makumbusho la Misri, pale Medani ya Tahrir, asubuhi mara tu milango ilipofunguliwa, mimi na mpwa wangu anayesoma Al-Azhar, tukapanda ghorofa ya juu bila kusimama mbele ya mafarao. Kilichonitoa nyumbani Mombasa ni zile ziitwazo nyuso za Fayum: picha za watu waliokufa Misri katika karne tatu za kwanza baada ya Masihi, nchi ikiwa chini ya Warumi, ambazo zilifungwa ndani ya sanda juu ya uso wa maiti na kuzikwa naye.

Ukisogelea kioo hadi pumzi yako ikiacha ukungu, unaona kazi ya mkono. Mchoraji alichanganya rangi na nta ya nyuki, akaipaka kwenye ubao mwembamba, mara nyingi wa mti usioota Misri, ulioletwa kutoka Ulaya. Mahali pengine nta imevutwa kwa brashi, na mahali pengine imesukumwa kwa chuma cha moto, ikabaki na matuta madogo kama siagi iliyopakwa kwa kisu. Kwenye picha ya mwanamke mmoja, lulu ya hereni ilikuwa donge la rangi ya kijivu lenye nukta moja nyeupe, na nukta hiyo ndiyo iliyoifanya ing'ae. Nikakumbuka kwamba neno letu mumiani limetokana na neno la Kiajemi lenye asili ya mum, yaani nta. Huku kwetu neno hilo liliishia kuwa jina la wanyonya damu wa kutishia watoto, kumbe asili yake ni kitu kile kile nilichokuwa nakitazama.

Picha iliyonishika kuliko zote ni ya duara, yenye upana wa sentimita 61, iliyotoka Antinoopolis, mji ambao Kaisari Hadrian aliujenga kwa kumbukumbu ya kijana kipenzi chake Antinous aliyekufa maji katika Mto Nile mwaka 130. Wamechorwa wanaume wawili bega kwa bega: mmoja mweusi kidogo, mwenye ndevu, mwenzake ni kijana, mweupe zaidi, masharubu ndiyo kwanza yanaota, vazi lake limeshikwa kwa bizimu ya dhahabu yenye kito. Watu huwaita ndugu wawili, ingawa hakuna maandishi yanayosema hivyo. Juu ya bega la mmoja wao imeandikwa tarehe 15 ya mwezi Pachon, na pembeni wamesimama miungu wadogo wa rangi ya dhahabu. Mavazi ni ya Kirumi, maandishi ni ya Kiyunani na kalenda ni ya Kimisri, na vyote vimekaa katika ubao mmoja bila kugombana.

“Mjomba, miili yao iko wapi?” aliuliza mpwa wangu.

Swali lake lilinifuata kutwa nzima, kwa sababu ndilo lililonisumbua mimi pia. Wachimbaji na wafanyabiashara wa karne ya 19 waliong'oa mbao nyingi kutoka kwenye sanda, wakauza nyuso na kuitelekeza miili. Picha zinazojulikana leo ni kama 900, zimetawanyika duniani, na mumia, yaani maiti zilizokaushwa na kufungwa sanda, ambazo bado zina picha mahali pake ni chache. Mojawapo ni ya kijana Artemidorus, aliyetoka makaburi ya Hawara, huko Fayum, na sasa yuko British Museum, London: uso wake ni wa Kirumi, amevikwa shada la dhahabu, lakini chini ya kifua Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, anamhudumia maiti juu ya kitanda chenye umbo la simba, na katikati pameandikwa kwa Kiyunani maneno ya kumuaga, yenye kosa la herufi. Mimi ni mtu niliyewahi kushiriki kumkafini marehemu wa nyumbani, na najua kwamba sanda si kifungashio. Kuutoa uso humo na kuutundika ukutani kama picha ya sebuleni ni kuyakata mazishi nusu, na ninaona kila jumba lenye uso wa namna hii linapaswa angalau kumweleza mtazamaji kwamba alikuwapo maiti.

Kesho yake tulichukua basi dogo kutoka Giza hadi mji wa Fayum, mwendo wa kilomita zipatazo 100, kisha gari la kukodi hadi Hawara. Mji wa Fayum zamani uliitwa Arsinoe, na kodi ya kichwa ilieleza mengi kuhusu watu wake: mwanaume wa kijijini alilipa drakma 40 kwa mwaka, ilhali wa mjini aliyetambuliwa kuwa na hadhi alilipa 20. Nywele zilizosukwa kwa mtindo wa Roma na lulu za masikioni zinasomeka vizuri zaidi, kama alama za hadhi, ukilijua hilo.

Hawara kuna piramidi ya farao Amenemhat III, ambayo sasa ni kilima cha matofali ya udongo, na maji ya chini ya ardhi yamejaa ndani yake. Kaskazini yake ndiko kulikokuwa makaburi ya zama za Warumi, ambako mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alichimba kuanzia mwaka 1888. Humo aliwapata watu hawa wenye nyuso, na chini ya kichwa cha mwanamke mmoja akakuta gombo la papiri lenye sehemu ya kitabu cha pili cha Iliadi, utenzi wa Kiyunani wa Homer, ambalo sasa liko Oxford.

Hapakuwa na uso hata mmoja. Palikuwa na mashimo yaliyojaa mchanga, vigae na upepo. Karibu na mguu wangu niliona kipande cha kitani, rangi ya chai iliyopoa, upana wa vidole viwili, nyuzi zake bado zimesokotwa. Mlinzi mzee aliyekuwa akitufuata aliona nilipotazama. Hakusema kitu, alichutama, akachota mchanga kwa viganja viwili, akakifunika.