Ami yangu na ukurasa wa Mapinduzi

Mwanzoni mwa Januari 2014 Unguja ilijaa bendera. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yanatimiza miaka 50, na uwanja wa Amaan ulikuwa na pilikapilika za maandalizi. Kazi yangu mimi ilikuwa ya usiku. Watoto wakishalala nilifungua kompyuta na kupitia Mabadiliko ya Karibuni, ukurasa unaoonyesha kila kilichohaririwa, katika Wikipedia ya Kiswahili. Wachangiaji wa kudumu tulikuwa wachache, tunajuana kwa majina ya akaunti, na makala nyingi zilikuwa bado na alama ya mbegu, yaani fupi na zinazosubiri kukuzwa. Ile ya Mapinduzi nilikuwa nimeikuza aya kwa aya, kila sentensi na marejeo yake.

Usiku mmoja nikakuta aya ya waliouawa haipo. Nikairejesha. Sijafunga hata ukurasa, ikafutwa tena na akaunti nyingine. Nikafungua Historia, orodha ya waliohariri ukurasa: majina mapya matupu, yote mekundu, maana hakuna hata mmoja aliyejiandikia ukurasa wa mtumiaji, wala hawakuwa wamegusa makala nyingine yoyote, hata kusahihisha herufi. Baadhi yao walifuta vifo. Wengine, ndani ya saa ileile, walimimina idadi za maiti zisizo na kitabu wala gazeti nyuma yake, kisha wakafuta sentensi zangu za uchaguzi wa Julai 1963. Zilikuwa pande mbili, na kila upande ulikuja kwa kundi.

Hizo sentensi za uchaguzi zilikuwa fupi. Chama cha ASP (Afro-Shirazi) kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP, iliyojulikana kama Hizbu, ikapata viti 12 na chama cha ZPPP viti 6, wakaungana, na serikali yao ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari, ikaangushwa. Anayetaka yote yaonekane ni kazi ya John Okello, yule Mganda aliyeongoza uasi, na wenzake tu, kana kwamba hapakuwa na kinyongo chochote visiwani, hesabu hiyo inamuudhi. Anayetaka siku ile iwe na shangwe pekee, anaudhiwa na aya ya vifo. Kwangu mimi zote mbili zilipaswa kubaki, na bado naamini hivyo.

Niliogopa, na sababu ninayo. Miezi michache kabla, Septemba 2013, Željko Jovanović, waziri wa elimu wa Kroatia, aliwaasa wanafunzi wasiitegemee Wikipedia ya Kikroatia. Kundi dogo la wakabidhi, yaani wale wenye uwezo wa kufunga kurasa na kuwafungia watu, lilikuwa limeishika. Jasenovac, kambi ambayo utawala wa Ustaše, ulioshika Kroatia wakati wa Vita Kuu ya Pili, uliwaua Waserbia, Wayahudi na Waroma (Wajipsi), ilielezwa kwa namna iliyopunguza uzito wa mauaji yale, wakati orodha ya makumbusho ya pale ina majina zaidi ya 83,000. Waliobisha walifungiwa. Hali hiyo iliendelea miaka mingi, na ripoti ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, kuhusu mkasa huo ilitoka 2021. Wikipedia ya Kiingereza ina maelfu ya macho, ina kanuni ya kutorejesha ukurasa zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, ina kamati ya usuluhishi. Sisi tungeegemea wapi? Watu watano waliopatana walitosha kuigeuza kamusi elezo ya lugha inayosemwa na mamilioni.

Nikaandika kwenye ukurasa wa Majadiliano, nikawaomba wote walete vitabu. Hakuna aliyejibu. Kesho yake ikaingia simu kutoka Maskati.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hebu nambie, wewe si ndiye unayeandikaandika kule Wikipedia?"

"Ndiye mimi, ami."

"Basi tumeletewa ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp. Wanasema mambo ya Zanzibar yameandikwa na mtu wa serikali, kila mmoja ajiandikishe aingie akafute."

Nikamwomba anirushie. Ulikuwa umepangwa vizuri sana: bonyeza hariri, toa kuanzia neno hili mpaka hili, usiweke jina lako la kweli, msiingie nyote kwa pamoja, akifungiwa mmoja mwingine ashike. Mwisho wake palikuwa na jina la akaunti ya huyo mtu wa serikali.

Nikampigia. "Ami, huyo wanayemsema ni mimi."

Alikaa kimya kitambo. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama nimemwandika kaka yao mkubwa, yeye na baba yangu. Kaka huyo alichukuliwa nyumbani Januari ile ya 1964 na maiti yake haikuonekana. Nikamwambia nimeandika kwamba watu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu na Kihindi, na kwamba makadirio yanapishana mno, kutoka mamia hadi 20,000.

"Na jina lake?"

"Jina lake halimo, ami. Tunaandika kilichokwisha kuchapishwa."

"Mimi nilikuwepo. Hicho kitabu kilikuwepo?"

Sikuwa na la kumjibu, ila kanuni sikuiacha. Ningempokea yeye bila chapisho, ningelazimika kumpokea na yule wa upande wa pili anayeapa kwamba hakuna aliyeguswa, maana naye angesema alikuwepo. Nilimweleza hivyo taratibu. Kisha nikamsomea makala yote kwenye simu, tangu juu hadi chini. Nilipofika kwenye uchaguzi akanikatiza.

"Hizo nazo wanataka zifutwe?"

"Ndizo za mwanzo kwenye ujumbe wao."

"Lakini hizo ni kweli. Nilikuwa wakala wa Hizbu kituoni, kura tulihesabu wenyewe. Viti tulishinda, kura hatukushinda, na usiku uleule tulijua."

Jioni ile alirekodi sauti akaituma kundini. Aliwaambia wasifute jambo wanalolijua, na mwenye hoja aende na kitabu chake mkononi. Walimwambia amenunuliwa, wakamtoa. Mzee aliyeacha kila kitu Unguja na kwenda Omani miaka ya sabini, ameambiwa na vijana waliozaliwa Maskati kwamba ameuza ndugu zake! Mpaka leo hilo linaniuma kuliko kufutwa kwa kazi yangu.

Mkabidhi mmoja alifunga ukurasa, akaunti mpya zisiweze kuuhariri. Waliokuwa wakifuta vifo walipotea sherehe zilipokwisha. Wa upande wa kundi la ami walijaribu tena, wakachoka. Mmoja wao tu ndiye aliyekuja Majadiliano, na tulibishana naye juu ya makadirio, chanzo kwa chanzo, mpaka aya ikawa bora kuliko nilivyoiandika: kila idadi ikasimama na jina la aliyeitoa.

Ami aliponipigia tena hakulitaja kundi. Aliuliza siku hizi nani anachapisha vitabu vya wazee, na kama Kiswahili chake cha shamba kitakubaliwa. Nikamwambia aanze kuandika, mchapishaji tutamtafuta.